Bei ya kuliona ziwa: Ggaba na Munyonyo zinauzwaje?

Hapa Kampala, ukishuka na barabara ya Ggaba kutoka Kabalagala, ukapita Kansanga na Bunga, harufu ya Ziwa Viktoria utaisikia kabla hujaliona. Maji yenyewe huyaoni mpaka ufike mwisho wa lami, mwaloni, penye mitumbwi na meza za samaki. Kwingine kote ni kuta, mageti na mabango ya viwanja vinavyouzwa. Nilipohamia upande huu kulikuwa na vijia vitatu vya kuteremkia majini kutoka mtaani kwetu. Leo kimebaki kimoja.

Kila ukuta mpya unaposimama, ubishi ule ule unarudi vibarazani: wenye pesa wameuinua mtaa, au wameufunga? Nimewasikiliza wa pande zote mbili, na wote wana hoja.

Wanaotetea ujenzi wana mengi ya kuonyesha. Mwaka 2007 Kampala ilipowapokea viongozi wa Jumuiya ya Madola, Munyonyo ilijengwa kwa kasi ambayo haikuwa imeonekana huku. Mwaka 2018 ikafunguliwa barabara ya kasi ya Entebbe, na tawi lake likaja kutoka Kajjansi mpaka Munyonyo. Tangu hapo safari ya uwanja wa ndege haikulazimu tena kupita katikati ya jiji, na madalali wakapata wimbo mpya. Kazi nazo zipo, tena nyingi. Kwenye mijengo hii Kiswahili ndiyo lugha ya kutwa nzima: fundi Mkongo, mlinzi aliyestaafu jeshi, dereva wa lori aliyetokea Busia, wote wanaelewana kwa Kiswahili hata kama jioni kila mmoja anarudi kwenye lugha ya kwao.

Halafu kuna muuzaji. Tunapenda kumsahau. Familia yenye kiwanja cha hamsini kwa mia, yaani futi, ina kama desimali kumi na moja na nusu za ardhi (desimali ni sehemu ya mia ya ekari). Huenda baba alikuwa mvuvi. Tangu jeshi liingie ziwani mwaka 2017 kupambana na uvuvi haramu, mtumbwi mfupi kuliko futi 28 hauruhusiwi, na mtumbwi mrefu una bei ambayo wengi hawaifikii. Nawajua waliouza kibanja, yaani haki ya kuishi kwenye ardhi yenye hati ya mtu mwingine, baada ya kupoteza mtumbwi, wakahamia mbali upande wa Mukono, wakasomesha watoto kwa pesa hiyo. Siwezi kusimama kwenye kiti changu nikawaambia walikosea.

Lakini hapo kwenye neno kibanja ndipo wanunuzi wengi wanapoumia. Sehemu kubwa ya ardhi ya Buganda ni ya mailo, mfumo uliotokana na Mkataba wa 1900 kati ya Waingereza na Buganda: hati ni ya mmoja, na anayeishi juu ya ardhi ni mwingine. Sheria ya Ardhi ya 1998 inamlinda huyo anayeishi, na marekebisho ya 2010 yakaweka wazi kwamba hawezi kuondolewa ila kwa amri ya mahakama, tena kwa kosa la kutolipa busuulu, kodi ya ardhi anayodaiwa na mwenye hati. Kwa hiyo ukinunua hati bila kumalizana na mwenye kibanja, umenunua kesi. Ukinunua kibanja bila ridhaa ya mwenye hati, umenunua kesi ya pili. Mtu anayetoka Goma au Nairobi akidhani karatasi moja inatosha, asikilize hapa. Na kama si raia wa Uganda, hati ya mailo au ya umiliki wa kudumu haimhusu kabisa. Haki yake ni kukodi, kwa miaka isiyozidi 99.

Wapangaji nao wana kilio chao. Vyumba vya mizigo, kama tunavyoviita vile vya kupanga kimoja kimoja, nyuma ya soko vinapungua kila palipojengwa nyumba za ghorofa zinazopangishwa kwa dola. Sheria ya wenye nyumba na wapangaji ya 2022 inasema kodi itajwe kwa shilingi isipokuwa mmekubaliana vingine, na isipande zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka. Ni sheria nzuri kwa mwenye mkataba ulioandikwa. Mama anayeanika mukene, dagaa wa ziwani, na kulipa kodi mkononi kila mwisho wa mwezi hana karatasi ya kupeleka popote.

Sasa tuje kwenye maji yenyewe, maana hapo ndipo mimi nilipobadilika mawazo. Kanuni za mazingira za mwaka 2000 zimetenga mita 200 kutoka ukingo wa Ziwa Viktoria kuwa eneo la hifadhi. Mita 200 ni kama viwanja viwili vya mpira vikiunganishwa. Tembea kutoka mwaloni kuelekea Munyonyo uhesabu nyumba zilizo ndani ya umbali huo, utachoka. Wenye nyumba hujibu kwamba hati zao ni za zamani kuliko kanuni, na wengine wanasema kweli. Kanuni haikumnyang'anya mtu ardhi yake. Inamzuia kufanya lolote atakalo pale bila kibali. Mabishano yangeishia hapo, kama ziwa lisingekuja lenyewe kutoa ushahidi.

Mei 2020, baada ya mvua kubwa za miezi mingi, kipimo cha usawa wa ziwa kilichoko Jinja kilisoma mita 13.42, juu kidogo ya rekodi ya 1964 iliyokuwa 13.41. Mwaloni hapa Ggaba maji yaliingia kwenye vibanda. Nilimwona mwanamke akipima mukene amesimama kwenye maji yaliyomfika magotini, mizani imefungwa kwenye nguzo ya duka ambalo mwenyewe alishahama. Upande wa pili, kwenye bustani za wenye nafasi, kuta zilizojengwa kuzuia mawimbi zilikuwa zimezama, na vichwa vya taa za bustani tu ndivyo vilivyoonekana juu ya maji. Mwaka 2024 ziwa likapanda tena. Wazee wanaokumbuka miaka ya sitini walikuwa wanajua hili. Dalali hakuwahi kuwauliza.

Kuna jambo jingine ambalo halitajwi kwenye tangazo lolote la nyumba inayotazama ziwa. Ghuba inayotazamwa, ya Murchison, ndiyo inayopokea maji ya mfereji wa Nakivubo, yaani maji machafu ya jiji yanayopita Luzira. Na ni kwenye ghuba hiyo hiyo mitambo ya Ggaba inavuta maji ya kunywa ya Kampala. Kinamasi na mafunjo ya ukingoni ndiyo yanayochuja uchafu kabla haujafika mbali. Kila mafunjo yanapofukiwa ili pawe bustani, kazi ya kuchuja inahamia kwenye mitambo, na gharama yake inaingia kwenye bili ya maji ya mtu wa Kawempe ambaye hajawahi kuliona ziwa hili.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaotaka kila kitu kibomolewe, wala na wanaosema mwenye hati asiulizwe. Nyumba zilizo mlimani Buziga na Bunga hazimdhuru mtu, na ziongezeke. Ninachopinga ni ukuta unaofika majini.

Hivi majuzi, pembeni ya kijia chetu kilichobaki, nilikuta vigingi vya mpima ardhi, vichwa vimepakwa rangi nyekundu. Mlinzi akaniambia kwa Kiswahili cha kambini, kwa upole tu, "Mama, kuanzia mwezi ujao mzunguke kule sokoni." Nikaenda kwa mwenyekiti wa LC1, baraza la mtaa. Akanitolea nakala ya mchoro wa kiwanja, akauweka mezani, tukautazama pamoja. Mipaka ya mnunuzi iko sawa. Kijia hakipo kwenye mchoro, hakijawahi kuwepo, ingawa kimekanyagwa na watu tangu kabla ya sisi wawili kuzaliwa. Nikamwomba mwenyekiti jambo moja: kabla hajatia muhuri kwenye mauzo mengine yoyote ya ukingoni, upana wa mita mbili uchorwe kwanza, kutoka barabarani mpaka majini. Akasema nilete ombi kwa maandishi, lenye sahihi za majirani. Mpaka jana tulikuwa na thelathini na sita.