Mlimao wangu haupigwi dawa

Jirani yangu wa hapa Nkuhungu akipita getini huutazama mlimao wangu kwa huruma. "Mwalimu, mti unaliwa huo. Piga dawa." Kweli unaliwa. Nimeuacha makusudi.

Mvua za Dodoma zikishashika, Desemba au Januari, yule kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano huja kuuzunguka. Maua hana habari nayo. Anatua kwenye jani, anaruka, anatua kwenye jingine. Anaonja kwa miguu kama kweli huu ni mlimao. Akiridhika anabandika yai moja, dogo kama punje ya ulezi, anaondoka. Kiwavi anayetoka humo utasema ni kinyesi cha ndege: ana weusi, ana baka jeupe. Ndege nao hudanganyika hivyohivyo. Akikua anageuka kijani, na ukimgusa anachomoza vipembe viwili vya rangi ya chungwa nyuma ya kichwa, vinanuka hasa. Mwanangu wa miaka sita humchokoza kila asubuhi kabla ya shule, kisha anazunguka nyumba nzima akitunusisha vidole.

Tunampenda kipepeo, kiwavi tunamuua, kama vile hawajuani. Tunanunua maua kwenye vitalu, tunafagia uwanja mpaka ung'ae, halafu tunalalamika vipepeo wameadimika. Ua linamlisha kipepeo mwenyewe. Watoto wake wanakula majani, tena si ya kila mti. Wale weupe wenye ukijanijani wanaozunguka mijohoro ya barabarani hawakufuata kivuli, wanatafuta pa kutagia.

Sisemi kila kiwavi aachwe. Kwenye mchicha sina huruma, nawatoa kwa mkono. Na mche mchanga wa mlimao viwavi wawili watatu wanaweza kuunyoa wote, kwa hiyo hao nawahamishia kwenye mti mkubwa.

Kiangazi wanapungua sana. Hapo raha yangu ni pale bomba linapochuruzika: mchana wa jua kali madume hujipanga kwenye tope, wananyonya chumvichumvi. Naliacha lichuruzike kidogo, mke wangu anasema ni uvivu wa kubadilisha koki.

Juzi jirani alikuja kuomba malimau ya kukamulia samaki. Nikamwambia achume mwenyewe. Alijaza kofia.