Samaki wa Noeli na Maji ya Moto

Mimi ni mzaliwa wa Mwanza. Habari za samaki haniambii mtu. Ndivyo nilivyomjibu Bruda mpishi, Mpolandi mzee mwenye viganja kama makasia, aliponionya tarehe 22 Desemba nisiguse hodhi la kuogea la ghorofa yetu. Humo alikuwamo samaki mzima wa kilo 3. Kwao anaitwa karp.

Huko Poland, chakula cha usiku wa mkesha wa Noeli hakina nyama. Mezani hupangwa vyakula 12, na bwana mkubwa wao ni karp wa kukaanga. Kwa kuwa hufugwa mabwawani penye tope, desturi ya zamani ni kumnunua akiwa hai na kumweka siku mbili katika maji safi bila kumlisha, tumbo litakate na harufu ya tope ipungue. Jumuiya yetu ya watawa ilikuwa na watu 9 kutoka nchi 6, hodhi moja. Tukaambiwa tujipanguse kwenye sinki.

Usiku wa tarehe 23 nakwenda kupiga mswaki, natia kidole majini: barafu tupu! Samaki katulia chini, hata pezi halichezi. Tangu nifike Oktoba nilikuwa nalala na soksi jozi mbili, basi nikamwona mgeni mwenzangu anayeteseka kimyakimya. Nikafungua bomba la maji ya moto.

Akaanza kuzunguka. Nikafurahi. Kisha akapanda juu, mdomo unafunguka na kufumba, unafunguka na kufumba. Nikadhani ananishukuru.

Kumbe anakata roho. Karp anaweza kuishi katika maji ya nyuzi 25, ila ayafikie polepole, wiki kwa wiki, si kwa kufunguliwa bomba. Tena maji ya nyuzi 10 hubeba kama miligramu 11 za oksijeni kwa lita. Yakifika 25 zinabaki kama 8, na wakati huohuo mwili wa samaki uliopata joto unadai oksijeni zaidi. Yaani nilimpunguzia posho siku niliyomwongezea kazi.

Nikang'oa kizibo ili nibadilishe maji. Kosa la pili. Maji yalipobaki kina cha kiganja alijirusha, nikamdaka kwa taulo, naye ana ute kama bamia. Akaniponyoka, akateleza juu ya vigae, akatoka mlangoni hadi kwenye korido, mapadre ndio wanatoka sala za usiku.

"Bruda," akaniuliza Padre wa kutoka Bukavu, "ni ubatizo ao ni supu?"

"Shikamoo Padre, shika mkia!"

Akamfunika kwa kanzu yake. Bruda mpishi akaja na nyundo ya mbao, akamtazama samaki, akanitazama mimi, na kwa kitambo sikujua nani anafuata.

Tulimparua magamba saa 5 usiku, tukamkata vipande vya unene wa vidole viwili, chumvi, vitunguu vya duara, vikalala kwenye friji. Adhabu yangu ilikuwa kuchanja mgongo chale za karibukaribu, kwa sababu karp ana vimifupa vyenye umbo la Y, na chale zikiwa mbalimbali mafuta hayavilainishi. Kesho yake: unga wa ngano, mafuta ya moto, dakika 5 hivi kila upande.

Nyota ya kwanza ilipoonekana tukamegeana opłatek, mkate mwembamba kama hostia, ila haujawekwa wakfu. Hapo ndipo kila mmoja humtakia mwenzake heri. Bruda mpishi akamega wangu, akanitakia mwaka wenye maji ya moto tele.

Tukiwa mezani akaongeza kwamba wazee wao husema usiku huu, saa 6 ikigonga, wanyama hupewa sauti ya binadamu. Nikatazama sahani. Mashahidi wote walikuwa wamekaangwa vizuri. Nikaomba kipande cha pili.