Msamaha wa Leseni Usimwache Nje Anayekula Alichovua

Mzee alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, mshipi ameuzungushia kipande cha mti, na minyoo ya chambo imo ndani ya kopo lenye udongo unyevu. Alikuwa amepata samaki wawili tu, amewafunika kwa jani bichi wasikaushwe na jua. Afisa alimsalimia kwa adabu, kisha akamwomba leseni.

"Mwanangu, mimi nimeshavuka umri wa leseni," mzee akajibu.

Alisema kweli, maana kanuni za pale zilikuwa zinawasamehe wazee. "Basi nionyeshe kitambulisho, mzee wangu," afisa akasema. Hakuwa nacho. Alikuwa na mvi, na vidole vyenye makovu ya mshipi wa miaka mingi, lakini karatasi ya kuthibitisha mwaka wa kuzaliwa hakuwa nayo. Mshipi ukachukuliwa na samaki nao wakachukuliwa. Mimi nilikuwa nimesimama hatua chache kutoka pale na sikufungua mdomo, jambo linaloniuma hadi leo.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma sheria za leseni za uvuvi na uwindaji za nchi mbalimbali, hasa vile vifungu vya misamaha ambavyo watu huvipita haraka. Msimamo wangu ni huu: anayevua au kuwinda ili ale ndiye aliyestahili kutangulia kwenye orodha ya wanaosamehewa, tena kwa haki, si kwa huruma ya mtu. Mara nyingi ndiye anayesahauliwa.

Leseni yenyewe siipingi. Maji yanayovuliwa bila hesabu huisha samaki, na pori linalowindwa bila hesabu huisha wanyama. Isitoshe, leseni ndiyo inayolipia ulinzi. Chukua Marekani, ambako kila jimbo hutoa leseni zake. Sheria ya Pittman-Robertson ya mwaka 1937 iliagiza kodi ya bunduki na risasi irudi majimboni kwa kazi ya wanyamapori, kwa sharti kwamba jimbo lisichepushe ada za leseni kwenda kwenye matumizi mengine. Mwaka 1950 ikaja Dingell-Johnson kwa upande wa vifaa vya uvuvi. Fedha hizo hugawanywa kwa hesabu: za wanyamapori, nusu hufuata ukubwa wa jimbo na nusu hufuata idadi ya watu waliolipia leseni ya kuwinda, za uvuvi, asilimia 40 hufuata eneo na asilimia 60 hufuata idadi ya waliolipia leseni. Kwa hiyo kila anayesamehewa kabisa ni mtu mmoja anayepungua kwenye mgao. Msamaha una gharama, nalikubali hilo bila ubishi. Na kwa kuwa una gharama, tuna kila sababu ya kuuliza unakwenda kwa nani.

Unakwenda kwa watoto na wazee, na hao sina neno nao. Unakwenda kwa askari aliye likizo, na kwa kila mtu katika zile siku chache za mwaka ambazo majimbo huruhusu watu wavue bure ili waonje mchezo. Katika majimbo mengi unakwenda pia kwa mwenye ardhi anayewinda au kuvua ndani ya mipaka yake. Huu wa mwisho unanikera. Mwenye eka nyingi anasamehewa kwa sababu ni zake, na asiye na hata kiwanja analipa.

England wana jambo moja dogo ninalolipenda kwa uwazi wake. Mtoto wa chini ya miaka 13 hahitaji leseni ya kuvua kwa ndoana. Wa miaka 13 hadi 16 anaihitaji, ila hailipiwi. Hapo unaona vitu viwili ambavyo watu huvichanganya kila siku: kusamehewa ada na kusamehewa leseni. Ukisamehewa ada bado unatakiwa uwe na leseni mkononi, na ukikutwa huna, una kosa. Nimeona watu wazima wakibishana na afisa hadi mishipa ya shingo kuwasimama kwa kutojua tofauti hii. Juu ya yote hayo, hakuna kati ya misamaha hiyo miwili unaogusa kanuni za uvuvi wenyewe. Msimu uliofungwa umefungwa kwa wote, na samaki asiyefikia kipimo anarudishwa majini hata kama aliyemvua ana miaka 8 au 80.

Finland wamekwenda mbali zaidi, na kwa maoni yangu wamepata njia ya busara kuliko zote. Kuvua kwa ufito wenye mshipi na ndoana ya chambo, au kwa mshipi mfupi kupitia tundu la barafu, ni haki ya kila mtu bila kulipa chochote kwa serikali. Sweden, uvuvi wa vifaa vya mkono, kama ufito na mshipi, uko huru pwani na katika maziwa yao matano makubwa. Sheria za namna hii hutazama chombo kabla ya kumtazama mtu. Zinatambua kwamba mwenye ndoana moja na mnyoo mmoja hawezi kulimaliza ziwa, hata akae pale kutwa kucha. Yule mzee wa ndoo, kwa sheria kama hiyo, asingeulizwa umri.

Tatizo ni kwamba sheria nyingi za leseni hazikuanza kwa kumfikiria mtu kama yeye. Mwaka 1217 Uingereza ilipata Hati ya Misitu, iliyotamka kwamba hakuna tena atakayepoteza uhai wala kiungo cha mwili kwa ajili ya wanyama wa mfalme. Hati hiyo ina msamaha wake: askofu au kabaila aliyeitwa na mfalme, akipita msituni, aliruhusiwa kuchukua mnyama mmoja au wawili mbele ya macho ya mlinzi wa msitu. Mlinzi asipokuwepo, baragumu ipigwe, isije ikaonekana anaiba. Mkulima wa kando ya msitu huohuo, mwenye watoto wenye njaa, hakupewa baragumu.

Huku kwetu Afrika sheria zilikuja na watawala. Mwaka 1896 gavana Hermann von Wissmann alitoa amri ya uwindaji katika Afrika Mashariki ya Kijerumani, ikaleta leseni na maeneo yaliyotengwa. Mwaka 1900 madola ya Ulaya yakakutana London na kutia saini mkataba wa kuhifadhi wanyama wa Afrika, na leseni ikiwa mojawapo ya nyenzo zake. Watu waliokuwa wakiishi kwa upinde na mitego wakaamka na kukuta wanaitwa majangili katika mapori ya babu zao. Neno hilo halijawatoka mpaka leo. Kenya ilifunga uwindaji mwaka 1977, na sheria yake ya mwaka 2013 inataja waziwazi kwamba kuwinda kwa ajili ya kitoweo ni kosa. Najua jinsi ujangili ulivyowamaliza tembo na faru, na hofu iliyozaa marufuku ile naielewa. Hata hivyo siwezi kukubali kwamba mwenye bunduki aliyetafuta pembe na mwenye upinde aliyetafuta chakula cha jioni ni watu wa fungu moja.

Botswana jambo hili lilifika mahakamani. Wasan, wenyeji wa asili wanaoishi kwa kuwinda katika hifadhi ya Kalahari ya Kati, walikuwa wakipewa leseni maalumu za kuwinda, kisha wakanyimwa. Desemba 2006 Mahakama Kuu ikaamua kwamba kuwanyima ilikuwa kinyume cha sheria. Kesi ile inanionyesha ubaya wa msamaha unaoning'inia kwenye kalamu ya ofisa: leo unao, kesho akiamka vibaya huna, na wewe maisha yako yote yanategemea kalamu hiyo.

Kanada wana kesi mbili ambazo ningependa kila mtunga sheria azisome. Ronald Sparrow, mtu wa Musqueam, mojawapo ya jamii za wenyeji wa asili, alikamatwa mwaka 1984 akivua kwa wavu wa pima 45 wakati leseni ya uvuvi wa chakula ya watu wake iliruhusu pima 25. Mwaka 1990 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilisema haki yake ya kuvua chakula ilikuwa hai. Ikapanga na foleni: kwanza uhifadhi wa samaki, halafu chakula cha wenyeji, na baada ya hapo ndipo waje wafanyabiashara na wavuvi wa mapumziko.

Kesi ya pili ni ya Steve Powley na mwanawe Roddy, Wametis wa Ontario, watu wenye asili ya wenyeji na Wazungu. Mwaka 1993 walimuua musi, mnyama mkubwa wa jamii ya kulungu, bila leseni. Hawakumficha. Powley alichukua kipande cha karatasi, akaandika kwa mkono tarehe, saa na mahali, akaongeza kwamba ni nyama ya majira ya baridi, akatia sahihi, na kukifunga kwenye sikio la mnyama. Mwindaji mwenye leseni hufunga lebo ya serikali. Yeye asiyekuwa nayo alijitengenezea yake. Miaka 10 baadaye, mwaka 2003, Mahakama ya Juu ilimpa haki. Kila nikifikiria ile karatasi sikioni naona mtu ambaye hakuwa akiikimbia sheria hata kidogo. Alikuwa anaomba imtambue.

Wapo wanaosema ukiwafungulia mlango wenyeji watamaliza kila kitu. Ni hofu ya haki, ila ushahidi unaelekea kwingine. Billy Frank Jr., mtu wa kabila la wenyeji wa asili la Nisqually katika jimbo la Washington, Marekani, alikamatwa zaidi ya mara 50 kwa kuvua samaki ambao mkataba wa mwaka 1854 uliwahakikishia watu wake. Mwaka 1974 Jaji George Boldt aliamua kwamba makabila yenye mikataba yana haki ya nusu ya samaki wanaoweza kuvuliwa. Tangu hapo makabila hayo yamekuwa wasimamizi wa samaki pamoja na jimbo: yana wataalamu wao, yanahesabu samaki, yanafunga mito yao wenyewe inapobidi. Aliyepewa haki alibeba na wajibu.

Upo mtego mwingine usioonekana kwa haraka. Sheria ya uvuvi ya Afrika Kusini ya mwaka 1998 ilitambua mvuvi wa biashara, wa mapumziko na wa kujipatia chakula. Je, yule anayekula samaki wawili na kuuza watatu alipie ada ya shule? Hana fungu. Si wa biashara, kwa maana hana meli, wala si wa chakula tu, kwa maana ameuza. Wavuvi wadogo wakaenda mahakamani, na mwaka 2007 amri ya mahakama ikawapatia nafuu ya muda. Sheria ilirekebishwa mwaka 2014 ili iwatambue. Msamaha wowote unaosema "kwa chakula cha nyumbani tu" unamwacha nje mtu huyu, naye ndiye tunayemkuta mara nyingi zaidi ukingoni mwa maji.

Kwa hiyo ninapodai msamaha kwa anayekula alichovua, simaanishi avue samaki wachanga kwenye mazalia wala atege wakati wanyama wana mimba. Afuate msimu, afuate kipimo, ahesabiwe kama wengine. Ninachotaka aondolewe ni ada asiyoweza kuilipa na mzigo wa kuthibitisha alivyo kwa karatasi ambazo hakuwahi kupewa. Viongozi wa kijiji na wavuvi wenzake wanamjua. Iandikwe katika sheria kwamba neno lao linatosha, na jina lake liwekwe kwenye daftari mara moja, bure, kwa maisha yake yote. Afisa afungue daftari kabla ya kunyoosha mkono kuchukua mshipi.

Yule mzee, baada ya afisa kuondoka, aliimwaga ile minyoo chini ya mti penye kivuli, akaifukia kwa udongo isife. Kisha akabeba ndoo yake tupu.