Maji ya dushi ya wageni yanaenda wapi?

Msimu wa harusi umefika Goma na simu zimejaa picha za dushi za wageni zilizofanywa upya. Kushoto dushi ya zamani: ukuta umeota ukungu, karo (vigae) mbili zimebanduka, robine inavuja. Kulia dushi hiyohiyo: karo nyeupe za sentimita 60 kwa 60, kioo chenye taa, pomu ya dushi pana kama sinia. Chini ya picha fundi ameandika siku alizotumia. Nne. Mwingine tatu. Watu wanapongeza, wanaomba namba. Mimi naikuza picha kwa vidole nikitafuta tundu la maji la sakafuni, na mara nyingi nalikuta katikati ya karo iliyolala sawa kama meza. Hapo hasira inanipanda, kwa sababu sakafu iliyolala sawa haipeleki maji popote, na mwenye nyumba ameshalipa.

Haraka yenyewe naielewa. Harusi ni Jumamosi, wakwe wanapanda boti Bukavu siku ya Alhamisi, na hakuna anayetaka mama mkwe aoge amesimama kwenye dimbwi. Lakini tuhesabu pamoja. Kubomoa, siku 1. Tiyo (mabomba), siku 2. Kumwaga sima (saruji) ya mtelemko, siku 1, kisha kuiacha imefunikwa na kuloweshwa siku 3 kwa uchache, 7 kwa mwenye subira. Dawa ya kuzuia maji, siku 1. Jaribio la maji, saa 24. Kubandika karo, siku 2, na kusubiri saa 24 kabla ya kujaza maungio. Saa 24 nyingine, ndipo silikoni kwenye pembe, na saa 24 za mwisho kabla mtu hajaoga. Ni majuma mawili, tena sima ikiwa haijakosekana sokoni. Anayemaliza kwa siku nne ameruka kitu, na kitu chenyewe kiko chini ya karo ambako kamera haifiki.

Tuanze na mtelemko. Chukua dushi ya kawaida ya wageni, mita 1.20 kwa mita 2, mlango upande mmoja, tundu la maji upande wa pili. Mtelemko unaofaa pale watu wanapooga kwa ndoo ni sentimita 2 kwa kila mita. Kutoka mlangoni mpaka tunduni ni mita 2, kwa hiyo sentimita 4. Tabaka la sima karibu na tundu lisipungue sentimita 3, basi mlangoni litakuwa sentimita 7. Wastani sentimita 5. Zidisha kwa mita za mraba 2.4, unapata mita za ujazo 0.12: mfuko mmoja wa sima wa kilo 50 na ndoo sita za mchanga za lita 20. Kazi yote ya kuokoa dushi hii ni mfuko mmoja wa sima! Ndiyo maana naumia kuona inarukwa.

Mchanga wetu mweusi wa volkeno ni mzuri, ila una tabia yake. Chembe zake zina vitundu, zinakunywa maji ya sima kabla sima haijashika. Uchekeche kuondoa vumbi la majivu, uloweshe tangu jana yake, kisha uchanganye. Fundi anayeutumia mkavu anaona mchanganyiko umekuwa mgumu, anaongeza maji, anaongeza tena, na mwisho sakafu inapasuka nyufa nyembamba kama utando.

Alama za mtelemko zichorwe ukutani kwanza, kwa tiyo ya maji ya kupimia usawa au nivo (pima-maji) ndefu, pembe zote nne, na uzi uvutwe kutoka kila pembe mpaka tunduni. Macho hayatoshi. Sima ikishika, mimina bidoni moja ya lita 20 mlangoni ungoje dakika tano. Kama kuna dimbwi linalobaki, hapo painuliwe kwa sima siku hiyohiyo kabla mambo hayajafunikwa. Dimbwi la milimita 3 lililoachwa leo ndilo ukungu wa mwaka kesho.

Sentimita 7 mlangoni zinaleta swali la karo juu ya karo, dawa ya wenye haraka. Nitakubali, kwa shingo upande, kwamba inawezekana: karo za zamani ziwe zimeshika zote, mtelemko wa zamani uwe mzuri, kusiwe na unyevu ukutani, uso ukwaruzwe na kuoshwa mpaka mafuta ya sabuni yaishe. Sakafu itapanda kama sentimita 1.5, utakata mlango chini na kuinua kichwa cha sifoni ya sakafuni, ule mtego wa maji ulio chini ya tundu. Masharti haya yakitimia, endelea. Lakini anayebadilisha dushi kwa sababu inavuja hajayatimiza, na kwake karo mpya zinafunika ugonjwa tu. Abomoe.

Karo za 60 kwa 60 nazo haziwezi kuinama pande nne kuelekea tundu moja mpaka zikatwe mishazari, na wengi hawazikati, wanazilaza sawa. Chukua za 30 kwa 30 au ndogo zaidi, zisizoteleza. Anayezipenda kubwa kabisa aweke mfereji mrefu wa maji kando ya ukuta, mtelemko uelekee upande mmoja, hapo zinakubali. Kwa vipimo nilivyotaja, sakafu inataka karo 30 za 30 kwa 30, pamoja na za kuvunjika. Ukutani, kwa kimo cha mita 2 na kutoa mlango, ni kama karo 126 za 25 kwa 40. Gundi ya karo ni mifuko mitatu ya kilo 25, ikipakwa kwa mwiko wenye meno ya milimita 8, ukuta mzima. Madonge matano nyuma ya karo ni kosa ninaloliona kila mahali: pale katikati panabaki hewa, maji yanaingia, karo inalia tupu ukiigonga kwa mpini wa nyundo. Ikilia tupu ing'olewe kabla gundi haijakauka.

Kabla ya karo yoyote, dawa ya kuzuia maji. Bloki za hapa zinafyatuliwa kwa changarawe ya volkeno, nyepesi, zenye matundu. Ukuta wake unavuta maji kama utambi, na unyevu unatokea upande wa pili, kwenye rangi ya sebule. Gundi ya karo na sima ya maungio hazizuii maji, ziwe za bei gani. Paka tabaka mbili, la pili likipita kinyume cha la kwanza, baada ya la kwanza kukauka. Sakafu yote, sentimita 15 kupanda ukutani pande zote, na mahali pa kuogea mpaka mita 2. Kwenye pembe na kuzunguka tundu weka ukanda wa kitambaa ndani ya dawa ingali mbichi, maana pembe ndiyo inayopasuka kwanza. Kisha ziba tundu kwa mfuko wa plastiki uliojazwa mchanga, weka kizingiti kidogo cha sima mlangoni, jaza maji mpaka yafike mlangoni, piga alama kwa kalamu, lala. Kesho, milimita moja au mbili zimekwenda na hewa, si kitu. Sentimita moja imekwenda chini, na unajua hivyo kabla hujabandika karo hata moja. Mwenye nyumba awepo siku hiyo, aione alama kwa macho yake. Nyumba za mbao ni habari nyingine: mbao zinacheza, karo zinapasuka, kwa hiyo dushi ijengwe juu ya zege yake na bloki zipande angalau mita moja kabla mbao hazijaanza.

Sasa harufu. Dushi ya wageni ina ugonjwa ambao dushi ya familia haina: haitumiwi. Kinachozuia hewa ya fosi (shimo la maji machafu) kupanda ndani ya nyumba ni sentimita 5 za maji zilizokaa kwenye sifoni. Wageni wakiondoka, wiki tatu, nne, maji hayo yanakauka na njia inabaki wazi. Watu wanamwaga dawa za kunukia, wanabadilisha kiti cha choo, wanamlaumu plombiye. Mimina lita mbili za maji tunduni kila wiki, na ukisafiri ongeza kijiko cha mafuta ya kupikia juu yake, yanachelewesha kukauka. Kwa dushi mpya, nunua sifoni ya sakafuni yenye mdomo wa pembeni na uelekeze humo maji ya lavabo. Kila anayenawa mikono anaijaza. Na ukisikia sifoni inaguguma choo kinapomwagiwa maji, hewa inakosekana: tiyo ya hewa ipande kutoka tiyo kubwa mpaka juu ya bati. Choo kiwe na tiyo ya milimita 110, dushi 50, lavabo 40, zote zikishuka sentimita 2 kwa mita. Kiti cha choo kinunuliwe kabla ya tiyo kufungwa, kwa sababu vingine vinatoa maji nyuma na vingine chini, na umbali wa tundu toka ukutani unapimwa kutoka uso wa karo, ukiongeza sentimita 1.5 kama ukuta bado uko uchi.

Kuhusu maji ya kuingia, tuseme ukweli wa mji huu. Yanakuja kwa bidoni, au kwa tiyo siku moja na siku nyingine hapana. Ile pomu pana inataka msukumo ambao tangi lililo mita 2 juu yake halina. Yanadondoka matone katikati tu. Pomu ndogo ya mkononi inatosha. Weka robine ya pili chini, sentimita 50 kutoka sakafuni, ya kujazia ndoo, na uache nafasi ya pipa. Chagua choo cha lita 6, bidoni moja ikupe mara tatu. Maji ya Kivu yana madini, yanaacha ukoko mweupe kwenye matundu ya pomu. Iloweke kwenye siki usiku kucha.

Umeme: mashine ya kupasha maji ya wati 5,500 inakula ampea 25, kwa hiyo waya wake peke yake, milimita za mraba 4, au 6 kama umbali ni mrefu. Lava ni kavu na haipitishi umeme vizuri. Chuma cha kupeleka umeme ardhini kilichochomekwa kwenye mawe hakimlindi mtu aliyelowa. Disjonkta ya diferensiali ya miliampea 30, ile inayokata umeme wenyewe ukianza kuvuja, haina mbadala Goma. Hakuna disjonkta hiyo, hakuna mashine. Chemsheni maji jikoni.

Na kwa wanaojenga upande wa Lac Vert na Bulengo, msiishushe dushi chini ya usawa wa ardhi. Mazuku mnaijua. Ni gesi nzito ya volkeno isiyo na harufu, inaua kwa kukosesha pumzi, inakaa chini, na dirisha la juu halisaidii kitu. Tundu la hewa liwe chini ya mlango pia.

Nimefika mahali ninapotaka kila mwenye parseli (kiwanja) anisikilize. Maji yote haya, ya mtelemko mzuri na sifoni nzuri, yanakwenda kwenye fosi. Na Goma kuna sifa inayotolewa kwa fahari: "Fosi yangu ina miaka 15, haijajaa hata siku moja." Jamani, hiyo ni habari mbaya. Fosi isiyovuja hukaa imejaa mpaka kwenye tiyo ya kutokea, mwaka mzima. Kile kinachoongezeka ni tope la chini, na hilo hunyonywa. Fosi isiyojaa imechimbwa kwa nyundo na mtarimbo ndani ya lava, ikaachwa bila lipu chini, na lava ina nyufa. Baadhi ya watu wanaosoma hapa huenda wamejenga juu ya mkondo wa lava ya Nyiragongo wa Januari 2002. Mawe yale hayachuji kitu. Kinachoingia kwenye ufa kinashuka, na chini yetu sote kuna ziwa, ambako bidoni zinajazwa asubuhi. Mji huu ulishaona mwaka 1994 kipindupindu na kuhara damu vikiua makumi ya maelfu ya wakimbizi kwa majuma machache. Hatuna haki ya kusema hatujui maji machafu yanafanya nini.

Kwa hiyo bajeti ya dushi ya wageni igawanywe upya. Kioo chenye taa kinaweza kungoja. Fosi ya familia iwe na mita za ujazo 3 angalau, vyumba viwili, lipu yenye dawa ya kuzuia maji sakafuni na kutani, tiyo ya kutokea ikiwa chini kidogo ya ile ya kuingilia. Baada yake, maji yapite kwenye sentimita 70 za mchanga uliooshwa kabla ya kugusa mwamba. Parseli ikiwa ndogo mno kwa kitanda hicho cha mchanga, fosi izibwe kabisa na ninyi mlipe gari la kunyonya, ni gharama, ndiyo.

Kabla ya kwenda kuchagua rangi ya karo, fungua kifuniko cha fosi jioni, mtu asiingie wala kuinamia ndani. Shusha ufito mrefu, weka alama pale maji yalipofika, funga robine zote za nyumba, na asubuhi upime tena palepale. Kama maji yako chini ya tiyo ya kutokea, au alama imeshuka usiku, fundi wako aanzie hapo.