Ondoeni Hiyo Kamba

Juzi nimetoka kwenye maonyesho ya sanaa nikiwa na hasira ambayo mpaka leo haijapoa. Chumba cha mwisho kilikuwa na milango ya mbao kuukuu, ipatayo thelathini, imening'inizwa kutoka darini hadi karibu na sakafu, na katikati yake kijia chembamba. Maelezo ya msanii ukutani yalieleza kwamba mtu akipita humo, milango hutikisika na bawaba huanza kulia. Lakini chumba kizima kilizungushiwa kamba. Milango ilikuwa kimya, na sisi wageni tumejipanga pembeni, kila mtu kainua simu yake.

Kazi ya usimikaji, yaani sanaa inayojaza chumba ili mtu aingie ndani yake, inautaka mwili wa mtu. Inakutaka uiname, ugeuke, uchague pa kukanyaga, usikie kilicho nyuma ya kisogo chako. Mgeni akizuiliwa nje, anabakiwa na picha tu, tena picha ambayo msanii hakuikusudia, kwa sababu hakuitengeneza itazamwe kutoka upande huo.

Mwaka 1991 msanii Felix Gonzalez-Torres alirundika peremende kwenye kona ya chumba, kwa kipimo cha pauni 175, yaani karibu kilo 79, kumkumbuka mpenzi wake Ross aliyefariki mwaka huohuo kwa maradhi yatokanayo na UKIMWI. Mgeni anaruhusiwa kuchukua peremende akaila. Rundo hupungua kama mgonjwa anavyokonda, kisha hujazwa upya. Mkono wa mgeni ndio unaolipunguza, na utamu anaondoka nao mdomoni. Lizungushie kamba rundo lile, na Ross hayupo tena pale.

Najua nitaambiwa habari za usalama. Msanii Doris Salcedo wa Kolombia alipoweka ufa wa mita 167 kwenye sakafu ya ukumbi wa Turbine Hall, katika jumba la sanaa la Tate Modern, London, mwaka 2007, wapo waliojikwaa wakaumia. Watu walitahadharishwa, na bado wakaachwa watembee kandokando yake, wachungulie ndani, wauruke. Ufa ulizibwa mwaka uliofuata, na kovu lake linaonekana sakafuni hadi leo. Nakubali, shingo upande, kwamba kuna siku kamba inastahili. Mwaka 2010, humohumo Turbine Hall, msanii wa China Ai Weiwei alimwaga mbegu za alizeti milioni 100 za kauri, zilizotengenezwa kwa mikono, ili watu wazikanyage. Baada ya siku chache zikafungiwa, kwa kuwa vumbi la kauri lilihofiwa kudhuru mapafu. Hiyo ni sababu, na watu walielezwa. Mbao na bawaba hazina vumbi la namna hiyo.

Katika maonyesho hayohayo niliyotoka, michoro nayo iliwekewa mstari sakafuni, mbali mno. Mchoraji Michael Armitage, mzaliwa wa Kenya, huchora kwa rangi ya mafuta juu ya lubugo, kitambaa cha gome la mti kutoka Uganda, chenye matundu na mishono, na mengi ya anayoyasema yamo kwenye matundu hayo. Mchoro wa namna hiyo unataka pua yako iwe karibu. Usiguse, sawa. Ila sogea.

Kilichoniuma hasa nilikisikia kwa mlinzi, mzee mpole aliyekuwa amesimama pale tangu asubuhi. Nilimuuliza kama amewahi kuisikia milango ile ikilia. Akasema ndiyo, jioni ya ufunguzi. Wageni waalikwa walipita katikati, wakarudi, wakapita tena, na kelele za bawaba zikasikika hadi chumba cha pili. Kamba ililetwa kesho yake, kabla ya milango ya jumba kufunguliwa kwa umma.

Kwa hiyo milango ile iliweza kubeba wageni waalikwa jioni nzima, ila haiwezi kutubeba sisi tuliokata tiketi. Hapo hoja ya usalama inakufa. Na msanii aliyehangaika kutafuta milango mikuukuu, akaipimia mmoja mmoja urefu wa kamba za kuining'iniza, amenyang'anywa nusu ya kazi yake bila hata kuulizwa, kama ni kweli hakuulizwa. Kama aliulizwa akakubali, basi maelezo yale yabanduliwe ukutani.

Waratibu wa maonyesho, waingizeni watu watano watano. Mpeni yule mzee kiti ndani ya kijia, aongoze wanaoingia. Mimi nitarudi kabla maonyesho hayajafungwa, kwa sababu nataka kuzisikia bawaba zile.