Sentensi isiyo na msemaji

Wiki iliyopita nilikuwa nasahihisha madaftari ya kidato cha pili, nikakuta "I shall be late, shan't I?" Mwandiko mzuri, kila nukta mahali pake. Nikaweka alama ya vema. Kisha nikabaki nimeishika kalamu, maana miaka yote niliyofundisha Kiingereza sijamsikia mtu hata mmoja akisema "shan't".

Mtoto hana kosa, kitabu ndicho kilichompa. Kanuni ya "shall" kwa I na we, na "will" kwa waliobaki, aliiandika John Wallis, msomi wa Uingereza, kwenye kitabu chake cha sarufi mwaka 1653, tena kwa Kilatini. Leo Waingereza wenyewe husema "I'll". "Shall" wameibakiza zaidi kwenye kualikana, kama "Shall we go?", na kwenye lugha ya sheria. Sisi bado tunaikaririsha.

Kinachoniuma zaidi ni salamu. Tunawafundisha kwamba "How do you do?" hujibiwa "How do you do?" Halafu kijana anakutana na mgeni anayemuuliza "How are you doing?", anajibu alivyofundishwa, na mazungumzo yanafia hapo. Anaondoka akiamini Kiingereza kimemshinda. Hali hii tunaijua vizuri kwa upande wa pili. Mgeni aliyesoma Kiswahili kwenye kitabu cha zamani hutuamkia "U hali gani, bwana?" Tunafurahi kwamba amejitahidi, lakini tukimjibu "Poa, za kwako?" anaduwaa.

Walimu wenzangu huniambia nikilegeza hapa nitaleta Kiingereza cha vijiweni. Sikubali. Siombi "gonna". Naomba "Do you have a pen?" mahali pa "Have you a pen?", na "Who did you see?" mahali pa "Whom did you see?" Sarufi ipo pale pale. Naomba pia sentensi zenye simu iliyoisha chaji na nauli ya daladala, zile za telegramu zipumzike.

"No sooner had Juma arrived than it started to rain" nisingeifuta, kwa sababu ukisoma riwaya utakutana nayo. Ila ikae kwenye somo la kusoma. Kwa kuzungumza, mpe mtoto "As soon as Juma arrived, it started raining."

Najua mchapishaji hawezi kutoa kitabuni kile ambacho mtihani utakiuliza. Basi kazi ianzie kwenye swali la mtihani, lile la kuandika upya sentensi, na vitabu vitafuata.

Jumatatu ninarudi na lile daftari. Vema yake siifuti, kaipata kwa haki. Nitaandika ubaoni "I'm going to be late, aren't I?", kisha nitawaomba waambizane wawili wawili, kwa sauti, kama watu waliochelewa kweli.