Kanada: nusu bendi ya lugha ina thamani kuliko barua ya kazi ya kununua

Mtu akianza kuwaza kuhamia Kanada kama mfanyakazi mwenye ujuzi, jambo la kwanza analohangaikia ni kupata mwajiri wa kumwandikia ofa ya kazi. Mawakala wanalijua hilo, na ndiyo barua wanayomuuzia. Inaniuma kuona akiba ya miaka ikiishia hapo, kwa sababu tangu tarehe 25 Machi 2025 ofa ya kazi haiongezi hata pointi moja kwenye ushindani wa Express Entry, mfumo wa Kanada wa kuchagua wahamiaji wenye ujuzi. Kabla ya hapo ilileta 50, na kwa nafasi za uongozi wa juu 200. Zote zimefutwa. Kwa mtu aliye nje ya Kanada, pesa na muda viende kwanza kwenye lugha. Hesabu yenyewe ndiyo inayosema hivyo.

Ila hesabu ziko mbili, na wengi huzichanganya. Ya kwanza ni ya kuingia: mpango wa Federal Skilled Worker unataka upate angalau 67 kati ya 100. Ya pili inaitwa CRS, jumla yake ni 1,200, na ndiyo inayokupanga kwenye foleni ukishaingia. Unaweza kuvuka ya kwanza vizuri kabisa, kisha wasifu wako ukakaa miezi 12 bila kualikwa kuomba ukaazi hadi ukaisha muda wake.

Tumchukue mwombaji mwenye miaka 29, asiye na mwenza, wala ndugu au ofa ya kazi Kanada, ana shahada ya kwanza na miaka mitatu ya kazi ya ujuzi nje ya Kanada. Kwenye ile 100 anapata 12 za umri, 21 za elimu na 11 za uzoefu. Hizo ni 44, kwa hiyo 23 zinazobaki lazima zitoke kwenye lugha. Akifika kiwango cha 8 cha CLB, kipimo cha Kanada cha Kiingereza, katika stadi zote nne, lugha inampa 20. Jumla 64, hajaingia. Kiingereza chake ni kizuri, anafanyia kazi kila siku, lakini mlango haujafunguka.

Sasa tuseme amefanya IELTS, mtihani wa Kiingereza ambao alama zake huitwa bendi, akapata 7.5 kusikiliza, na 7 kusoma, kuandika na kuzungumza. Wastani wake ni 7 na kila mtu anampongeza. Kanada haiangalii wastani. Inaangalia kila stadi peke yake, na vigezo havilingani: 7 inatosha kuwa CLB 9 katika kusoma, kuandika na kuzungumza, lakini kusikiliza kunadai 8. Kwa hiyo ana CLB 9 tatu na CLB 8 moja. Lugha inampa 23, anafika 67 kamili, anaingia. Kwenye CRS anapata 110 za umri, 120 za elimu, 116 za lugha, 13 za muunganiko wa elimu na lugha, na 25 za muunganiko wa uzoefu na lugha. Jumla 384.

Akirudia mtihani akapata 8 kwenye kusikiliza, na kwingine kukabaki vilevile, lugha inapanda hadi 124. Hilo ni ongezeko la pointi 8 tu. Faida kubwa iko kwenye ile miunganiko: 13 inakuwa 25, na 25 inakuwa 50, kwa sababu kiwango cha juu cha miunganiko hutolewa pale tu stadi zote nne zinapofika CLB 9. Jumla mpya ni 429. Pointi 45 kwa nusu bendi ya stadi moja! Kulinganisha, mwombaji asiye na mwenza hupoteza 55 kwa kutoka miaka 30 hadi 40.

Ndiyo maana sishauri mtu ajiandikishe tu kwa mtihani mwingine na kuomba Mungu. Kwanza ajue stadi ipi inamwangusha na kwa nini. Kwenye kusikiliza, sauti huchezwa mara moja, maswali ni 40, na bendi 8 huhitaji takriban majibu sahihi 35. Wengi wanaoukosa huo mstari wameelewa kila kitu kilichosemwa. Wameangushwa na tahajia, na herufi ya wingi waliyoisahau, au wameandika maneno matatu mahali palipoagizwa yasizidi mawili. Jibu zima linapotea. Kwenye kuandika, kosa ni la muda: insha ina uzito mara mbili ya barua, lakini mtu anatumia nusu saa kuipamba barua ya maneno 150. Na hakikisha unafanya IELTS ya aina ya General Training, si Academic, ambayo haikubaliki hapa hata ukipata bendi 9. Matokeo hudumu miaka miwili tu.

Kuna pointi nyingine ambazo watu huziacha kabatini. Kama una stashahada ya mwaka mmoja au zaidi uliyoisoma baada ya sekondari, mbali na ile shahada, nayo ipeleke kwenye tathmini ya kulinganisha vyeti na vya Kanada. Tathmini ikiitambua, elimu inapanda kutoka 120 hadi 128, na muunganiko wake na lugha, kwa mwenye CLB 9, unatoka 25 hadi 50. Mwombaji wetu sasa ana 462 bila kurudi darasani. Anza mapema, maana mara nyingi chuo ndicho kinachotakiwa kutuma matokeo moja kwa moja, na ofisi za vyuo hazina haraka yako.

Baada ya hapo, Kifaransa. Kufika kiwango cha 7 katika stadi zote nne za mtihani wa Kifaransa wa TEF Canada au TCF Canada kunamwongezea mtu huyuhuyu 62, jumla 524. Ni kazi kubwa, sitaki mtu adanganywe kwamba ni suala la wiki chache. Lakini kuna raundi za mwaliko za wanaojua Kifaransa pekee: ya tarehe 21 Machi 2025 iliteremka hadi kwa wenye pointi 379 za CRS, ilhali zile za wenye uzoefu wa kazi ndani ya Kanada zilikuwa juu ya 500. Uteuzi wa jimbo unaleta 600 kwa mkupuo, ila kila jimbo lina masharti yake.

Walio kwenye ndoa wapige hesabu mara mbili, kila mmoja akiwa mwombaji mkuu. Mwenye mshahara mkubwa si lazima awe ndiye mwenye pointi nyingi.

Sehemu inayoumiza watu wakiwa tayari na mwaliko mkononi ni barua za waajiri za kuthibitisha uzoefu wa kazi. Barua inayosema tu kwamba fulani alikuwa mfanyakazi mwadilifu haina msaada. Iwe kwenye karatasi rasmi ya mwajiri, itaje cheo, tarehe, saa kwa wiki, mshahara na marupurupu, na majukumu halisi. Majukumu hayo yalingane na maelezo ya kazi uliyochagua kwenye NOC, orodha rasmi ya kazi ya Kanada. Wanakagua ulichokuwa ukifanya, cheo peke yake hakitoshi. Lakini usinakili orodha hiyo neno kwa neno, inatia shaka. Mwaka mmoja wa kazi huhesabiwa kuwa saa 1,560, yaani 30 kwa wiki, na kufanya saa 60 hakufupishi mwaka. Kazi isiyolipwa haihesabiwi. Barua ya uongo inaweza kukufungia milango kwa miaka mitano.

Ukialikwa una siku 60 za kuwasilisha kila kitu. Siku hizo hazitoshi kumsaka bosi wa zamani aliyehama, kwa hiyo barua ziwe tayari kabla ya kufungua wasifu. Vivyo hivyo pesa za kujikimu: benki itatakiwa kuonyesha wastani wa salio la miezi sita, na pesa za kukopa hazikubaliki. Kiasi kikubwa kilichoingia kwenye akaunti wiki iliyopita kitaulizwa kimetoka wapi. Kama ni zawadi au kiwanja kilichouzwa, ambatisha hati zake siku hiyohiyo unayotuma ombi.